Muhula Niliofundisha Bila Sauti

Sauti yangu ilianza kuondoka mwezi wa pili, mvua za masika zikiwa bado hazijaanza na vumbi la malori yanayokwenda bandari kavu ya Kwala limejaa kwenye madirisha ya darasa. Mwanzoni nilidhani ni mafua. Nafundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi huku Misugusugu, Kibaha, na mwalimu mwenye watoto wengi kama niliokuwa nao hukwaruzwa na koo mara kwa mara. Unazoea, kama unavyozoea chaki kwenye mikono. Nikatafuna tangawizi, nikasukutua maji ya chumvi. Mwalimu mwenzangu wa darasa la pili akaniletea asali ya nyuki wadogo kutoka kwao Singida, nikailamba mpaka ikaisha. Sauti ikawa nzito kama ya mwanaume, halafu ikaanza kukatika katikati ya sentensi. Namwambia mtoto, "Soma aya ya pili," na lile neno "pili" linatoka hewa tupu.

Mume wangu anafanya kazi ofisini Dar es Salaam. Huondoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo hakunisikia sana siku za kazi. Jumapili moja, wakati nawaita watoto wetu mezani, aliweka kijiko chini akanitazama.

"Hayo si mafua tena," alisema. "Kesho naomba ruhusa, twende hospitali."

Hospitali ya mkoa walinipa dawa, nikazimaliza bila nafuu, wakaniandikia rufaa ya kwenda Dar. Huko nilipokelewa na daktari wa koo, mwanamama mpole mwenye mikono midogo. Aliniingizia puani mpira mwembamba wenye kamera, akageuza kioo ili na sisi tuone. Nikaziona nyuzi zangu za sauti kwa mara ya kwanza maishani, mbili, nyeupe, zinafunguka na kujifunga. Juu ya mmoja palikuwa na kinyama kama punje ya mtama.

"Kuna kitu hapa," daktari alisema. "Tutakiondoa na kukipeleka maabara. Sisemi ni kibaya, na sisemi si kibaya. Tutajua kikishapimwa. Ila kuanzia leo usiongee, mpaka tukufanyie upasuaji, na baada ya hapo mpaka nikuruhusu mwenyewe. Hata kunong'ona usinong'one, maana kunong'ona kunaumiza zaidi."

Kisha akauliza, "Unafanya kazi gani?"

Mume wangu akajibu kwa niaba yangu. "Ni mwalimu wa shule ya msingi."

Daktari aliandika kitu, akasema, "Pole sana."

Shangazi yangu alifariki kwa saratani ya koo. Nilikuwa msichana wakati ule, na nilikuwa ninamlisha uji kwa kijiko. Njia nzima ya kurudi Kibaha sikuwaza kitu kingine. Mume wangu alikuwa anazungumza, ananieleza habari za watu waliopona, na mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa. Tulipopita mizani nikagundua kwamba nina swali nataka kumwuliza, na siwezi. Nikatoa simu, nikamwandikia ujumbe, yeye amekaa pembeni yangu. Simu yake ikalia mfukoni. Aliusoma, akanishika mkono. Nilikuwa nimemwuliza, "Watoto tuwaambie nini?"

"Tutawaambia ukweli," alisema. "Kwamba mama ana kidonda kooni na haruhusiwi kuongea. Basi."

*

Mwalimu mkuu wetu ni mama mtu mzima, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Nilipomwonyesha cheti cha daktari alikisoma mara mbili, akavua miwani.

"Nenda kapumzike, madam," alisema. "Darasa lako nitaligawa. Nusu waende mkondo wa pili, nusu nitawatafutia mahali."

Mkondo wa pili watoto walikuwa tayari wanakaa wanne wanne kwenye dawati. Na ule ulikuwa mwaka wa upimaji wa darasa la nne. Lakini sitasema kwamba niliwaza watoto peke yao. Niliwaza nyumba yangu ilivyo kimya mchana, mume kazini na watoto shuleni, na mimi nimekaa sebuleni namngojea daktari aniambie kama nitakufa. Nikaandika kwenye simu, nikampa asome: "Nikikaa nyumbani nitaugua zaidi. Naomba nijaribu kufundisha."

"Utafundishaje bila mdomo?"

Nikanyoosha kidole kwenye kabati la chuma nyuma yake.

Ndani ya kabati lile kulikuwa na projekta moja na kompyuta mpakato mbili, zimefunikwa kitenge. Shule ilikuwa imeletewa vifaa hivyo kitambo kidogo, kwa ajili ya kukuza matumizi ya TEHAMA kwa watoto, na mimi nilikuwa mmoja wa walimu waliopelekwa semina kujifunza kuvitumia. Semina ilifanyika Kisarawe, walimu wa Kibaha na wa Kisarawe pamoja. Tulifundishwa kuwasha, kuzima, kuandika, kuhifadhi kazi, kuunganisha projekta. Tukala wali, tukapiga picha, tukarudi makwetu. Baada ya hapo vifaa vilitoka kabatini siku za wageni tu. Kila mmoja wetu aliogopa kuwa mtu wa kwanza kuviharibu, na mwalimu mkuu ndiye aliyeogopa kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyesaini kuvipokea.

Alilitazama kabati, akanitazama mimi.

"Siku chache," alisema. "Ikishindikana, unakwenda nyumbani kupumzika, na sitaki tubishane."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nikatamani kumwambia kwamba kubishana ndicho kitu nisichoweza.

*

Siku ya kwanza niliingia darasani mapema na mwalimu wa darasa la pili, yule wa asali, tukaunganisha nyaya. Projekta ikawaka, lakini ukutani hatukuona kitu. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia madirisha yote. Akaenda kuazima kanga kwa walimu wenzetu, tukazitundika kwa misumari, na maandishi yakatokea, hafifu, yamepinda upande mmoja.

Watoto waliingia, wakaona kanga, wakaona ukuta unang'aa, wakakaa kimya kuliko nilivyowahi kuwaona. Mwalimu mkuu alikuwa amewaeleza mstarini kwamba mwalimu wao anaumwa koo. Kiranja akasimama, wote wakasimama, wakaimba kama kawaida yao, "Shikamoo mwalimu."

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Wao wakaendelea kusimama. Mtoto wa darasa la nne hakai mpaka aitikiwe, ndivyo tulivyowafundisha wenyewe. Nikawapungia mkono wakae, lakini walitazamana tu, hawana uhakika. Basi nikainama kwenye kompyuta na kuanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja. M. A. R. Ukutani zikawa zinatokea moja moja, kubwa kama kichwa cha mtoto. Nilipofika herufi ya nne, darasa lilikuwa tayari limeshaanza kunong'ona, na nilipomaliza wakasoma wote kwa pamoja, "Marahaba," kama vile wanajiitikia wenyewe. Wakacheka. Nikaandika, "Kaeni," wakaisoma, wakakaa.

Nami nilicheka, bila sauti, mabega yakitikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ya ile kamera.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Nilikuwa mzito wa kuandika. Nikianza neno, watoto walilibahatisha kabla sijalimaliza. Nikiandika "ngu" tu, huyu anasema nguo, yule anasema nguruwe, mwingine nguzo, na mimi natafuta herufi inayofuata huku wao wameshika pumzi. Nikitaka wanyamaze nilikuwa nazima mwanga wa projekta kwa kiganja, ukuta unakuwa mtupu, wanatulia. Mpaka kengele ya mapumziko nilikuwa nimefundisha robo ya nilichopanga, na mabega yalikuwa yananiuma kwa kuinama.

Jioni nilimwandikia mwalimu mmoja wa Kisarawe. Tulikuwa tumekaa meza moja kwenye ile semina, mwanamke wa rika langu, Mzaramo, mcheshi, anayevuta maneno anapoongea mpaka unatamani amalizie polepole zaidi. Tangu semina tulikuwa tunatumiana salamu za sikukuu tu. Nikamweleza yaliyonipata. Yeye si mtu wa kuandika. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti.

"Dada yangu, pole, Mungu atakuponya. Sasa nisikilize. Usiandike darasani. Ukiandika darasani utachoka na watoto watakuchoka. Andika nyumbani jioni, panga kurasa zako, tia picha. Darasani unabonyeza tu, moja inatoka, nyingine inakuja. Kuandika papo kwa papo uache kwa yale ya kujibu maswali. Umenielewa? Ukinielewa niandikie ndiyo."

Nikamwandikia ndiyo. Akanituma niwashe kompyuta ya shule, niliyokuwa nimeruhusiwa kuja nayo nyumbani, akanielekeza hatua kwa hatua, yeye kwa sauti, mimi kwa maandishi, mpaka nikatengeneza ukurasa wenye picha ya mahindi na maneno makubwa chini yake. Mwanangu wa kike alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akasema, "Mama, ukurasa umependeza." Nikaona kweli umependeza.

*

Siku chache za mwalimu mkuu zikapita bila yeye kuzitaja tena. Nilikuwa napanga masomo jioni na kubonyeza asubuhi. Kwenye hisabati niliweza, kwenye sayansi niliweza. Kiswahili kilinishinda kwenye imla, maana imla ni mwalimu kutamka na mtoto kuandika, na mwalimu huyu hatamki. Nilimweleza yule rafiki yangu kama jambo la kusikitisha tu, sikuwa naomba msaada. Kesho yake asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti kwenye simu. Alikuwa amesoma imla nzima, neno baada ya neno, na nafasi ya kuandika katikati, na nyuma yake majogoo wa Kisarawe wanawika.

Niliazima spika ya kanisani, nikaunganisha simu. Sauti yake ikajaa darasa: "Haya wanangu, shikeni kalamu. Neno la kwanza. Mnaaazi." Watoto wangu hawakuwa wamezoea mwalimu anayevuta maneno namna ile. Wengine waliandika "mnaaazi" kama walivyosikia. Lakini walimpenda. Tukawa na imla kila wiki, na wao wakawa wanauliza, "Leo mwalimu wa Kisarawe yupo?" Nilimwandikia kwamba ana darasa jingine huku Kibaha ambalo halijawahi kumwona uso, akacheka kwenye ujumbe mpaka akakohoa.

Umeme nao ulikuwa unakatika. Ukikatika, ukuta unafutika, watoto wanasema "aaah" kwa pamoja, na mimi nachukua chaki na kurudi ubaoni. Nilikuwa na kishikwambi changu chenye chaji. Nilikuwa nakipitisha dawati kwa dawati, kila kundi linasoma ukurasa na kukiachia kundi jingine. Hapo ndipo nilipoanza kumwona binti mmoja wa nyuma.

Alikuwa mtoto mkimya sana, wa kukaa pembeni ya dirisha. Mwalimu wa darasa la tatu aliniambia mwaka uliotangulia kwamba huyu hasomi, anakariri tu kwa kusikiliza wenzake na mwalimu. Na kweli, kwa muda wote nilipokuwa na sauti, sikuwahi kumsikia akisoma sentensi peke yake. Sasa sauti yangu haikuwepo ya kukariri. Kama alitaka kujua mwalimu anasema nini, ilibidi asome ukutani. Nilianza kuona midomo yake inatembea. Kwanza nyuma ya wenzake, halafu pamoja nao. Siku ya kishikwambi, kilipofika kundi lao, nikaona kidole chake kinafuata mstari na mdomo unatamka, na wenzake wanamsikiliza yeye.

Baba yake alikuja shuleni wiki ile ile. Anafanya kazi kiwandani Zegereni, na alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, macho mekundu, kofia mkononi. Mwalimu mkuu alimleta mpaka mlangoni kwangu.

"Mwalimu, sitaki kukuvunjia heshima," aliniambia nje ya darasa. "Lakini mwanangu anasema mwalimu haongei, wanaangalia ukuta. Mimi nimemleta asome, sikumleta aangalie televisheni. Huyu mtoto tayari ana shida."

Sikuwa na simu wala kompyuta mkononi. Nikamshika kiwiko kwa upole, nikamwingiza darasani, nikamwonyesha kiti changu. Akakaa. Nikabonyeza ukurasa uliofuata, ulikuwa na habari fupi kuhusu mama anayechota maji, nikaandika chini yake: "Nani atatusomea?"

Mikono ikanyooka. Mkono wa binti yake haukunyooka. Nikamtazama. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akasimama. Akasoma. Alisoma taratibu, aliteleza kwenye neno "kisimani", akalirudia, akaendelea mpaka nukta ya mwisho. Darasa likampigia makofi kama wanavyompigia yeyote anayemaliza.

Baba alikaa kwa muda, kofia iko magotini. Nilipomsindikiza nje alisema kwa sauti ndogo, "Anasoma. Kumbe anasoma." Kisha akaelekeza kidole kwenye kanga zetu. "Hizo hazizuii jua vizuri. Nina turubai zito nyumbani, halina kazi." Kesho yake jioni alilileta kwa baiskeli kabla ya kwenda zamu, akapanda juu ya dawati akalitundika mwenyewe, na tangu siku hiyo maandishi yakawa meusi kweli kweli.

*

Huku shuleni mambo yakinyooka, mama yangu mzazi alikuwa anahangaika. Yuko Mwanga, kwenye mlima, ana simu ya vitufe, na amezoea kunipigia kila jioni baada ya ibada ya nyumbani. Mume wangu ndiye aliyekuwa anapokea.

"Mpe mwanangu simu," mama alisema.

"Mama, haruhusiwi kuongea. Ana kidonda kooni."

"Haruhusiwi, au hayupo?"

Mume wangu aliniwekea simu sikioni ili nimsikie. Nikamsikia mama anapumua, anangoja. Nikagonga simu kwa ukucha, mara kadhaa, ili ajue kuna mtu. Haikumsaidia. Kesho yake alipiga akiwa analia, akasema tunamficha, kwamba nimeshafariki na tunaogopa kumwambia kwa sababu ya presha yake. Ikabidi tumtafute mke wa binamu yangu, mwenye simu kubwa, apande mpaka kwa mama, atupigie kwa picha. Uso wa mama ukatokea kwenye kioo, karibu mno, jicho moja na kilemba. Nikampungia. Nikaandika maneno kwenye karatasi, wifi akamsomea: "Mama, ni mimi. Nipo. Nafundisha."

Alinitazama muda mrefu.

"Umekonda," alisema mwisho. Nikajua ameamini.

*

Upasuaji wenyewe sikumbuki. Nililazwa, nikaambiwa nivute pumzi, nikaamka koo linawaka. Ilikuwa likizo fupi ya katikati ya muhula, kwa hiyo watoto hawakunikosa sana. Kilichobaki ni kungoja majibu ya maabara. Kungoja kule ndiko kulikokuwa kubaya kuliko kisu. Shule zilipofunguliwa nilirudi kwenye turubai langu na kurasa zangu, na nashukuru kwamba kila jioni nilikuwa na kitu cha kuandaa, picha ya kutafuta, sentensi ya kufupisha ili itoshe ukutani. Nikikaa bila kazi, nilikuwa namwona shangazi na bakuli la uji.

Siku ya majibu mume wangu aliomba ruhusa tena. Daktari yule mwenye mikono midogo alikuwa na bahasha mezani, lakini hakuifungua mbele yetu. Alikuwa ameshaisoma.

"Si saratani," alisema, kabla hatujakaa vizuri. "Ni kinundu cha kawaida, cha watu wanaotumia sauti sana. Walimu, wahubiri, wauza samaki. Kimetoka chote."

Mume wangu aliinama, akafunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani anaomba. Kumbe analia. Mimi sikulia. Nilihisi njaa, njaa kali ya ghafla, kama vile wiki zote zile nilikuwa sijala.

"Sasa nataka usikie mwenyewe," daktari alisema. "Sema aa. Taratibu. Usilazimishe."

Niliogopa. Nilidhani haitatoka. Nikasema aa, na kitu kikatoka, kidogo, chini zaidi ya nilivyokizoea, lakini ni changu. Daktari akatabasamu. "Inatosha kwa leo. Maneno machache kwa siku, halafu tutaongeza. Na ukirudi darasani, usipige kelele tena."

Nje ya hospitali tulikaa kwa mama lishe, tukala wali na samaki, mimi sahani mbili. Kisha nikampigia mama. Alipopokea nikamwamkia. Nikafikiri mtandao umekatika.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akaitikia, halafu akaanza kuniuliza habari za mahindi ya jirani yangu na bei ya sukari Kibaha, kama vile tuliongea jana, na mimi nikamjibu kwa maneno machache machache kama daktari alivyoagiza, machozi yakinishuka kwenye sahani.

*

Sauti ilirudi polepole muhula ule uliobaki. Nilipoanza kutamka darasani, watoto walifurahi, lakini siku ya pili kiranja alinyoosha mkono akauliza, kwa heshima, kama bado watasoma ukutani. Nikasema ndiyo. Sikuwa na mpango wa kuacha. Nilikuwa nimeona kwamba nikiongea kidogo wao wanaongea zaidi, na nilikuwa na kurasa nyingi nilizokwisha kuandaa ambazo walimu wa mkondo wa pili walianza kuziazima. Mwalimu wa darasa la pili alinijia na kompyuta ya pili, akaomba nimwonyeshe namna ya kutia picha. Mwalimu mkuu alitoa kitenge kabatini akaenda nacho nyumbani kwake, na akabandika ofisini ratiba ya nani anatumia projekta lini. Darasa langu lilifanya upimaji, na yule binti wa dirishani akapanda darasa la tano pamoja na wenzake. Kanisani, kiongozi wa kwaya alinihamisha kutoka sauti ya kwanza kwenda ya pili, na nimeikuta ya pili ina wimbo wake mzuri ambao sikuwahi kuusikia nilipokuwa nimesimama upande ule mwingine.

Mwaka huu rafiki yangu wa Kisarawe aliniita shuleni kwao nizungumze na walimu wenzake. Wana vifaa kama vyetu, na kwa muda mrefu navyo vilikuwa vimefungiwa. Nilipitia Kiluvya asubuhi, nikamkuta anangoja barabarani na mwavuli. Tulikumbatiana. Kabla hatujafika shuleni alinisimamisha njiani akasema, "Ngoja kwanza. Sema kitu. Sijawahi kukusikia tangu semina."

"Niseme nini?"

"Hicho hicho kinatosha," alisema, akanishika mkono tukaendelea.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la saba. Niliwaonyesha kurasa zangu za kwanza, zile mbaya, zenye picha zilizovutika, kisha zile za baadaye. Mwalimu mmoja wa kiume, kijana, akauliza swali ambalo nililitarajia.

"Madam, wewe ulikuwa huna sauti. Mimi ninayo. Kwa nini nijisumbue?"

Nikamweleza habari ya binti aliyesoma mbele ya baba yake. Alitikisa kichwa polepole, si kukubali wala kukataa, na baada ya chakula nilimwona amekaa mbele ya kompyuta na rafiki yangu amesimama nyuma yake, anamwelekeza kwa maneno yale yake yaliyovutwa.

Waliniwekea mananasi kwenye mfuko. Mume wangu alikuja kunipokea Maili Moja na gari la kuazima, kwa kuwa mfuko ulikuwa mzito. Nilipokaa tu nilianza kumsimulia, mwalimu kijana na swali lake, mwavuli, darasa la saba lenye sakafu iliyomegeka, watoto wa Kisarawe waliochungulia dirishani kumwona mgeni. Nilisimulia mpaka kituo cha Picha ya Ndege, nikasimulia mpaka nyumbani, na alipozima gari mlangoni nilikuwa bado sijafika mwisho. Hakuniambia nipumzishe koo. Aliegemea usukani, akanigeukia, akasema, "Endelea."